Re: Filamu (utando mwembamba) ya plastiki za PS (polistireni) na PMMA (akriliki) inatoka na vinundu
Mkuu, umeuliza mbona mchanganyiko ni uleule nusu kwa nusu ila filamu ya jana ina vinundu vikubwa na ya leo vidogo. Cheki spidi ya mashine ya kuzungushia (ile inayotandaza filamu), maana hizo polima (plastiki) mbili hazipatani kabisa, zinaanza kuachana toluini (kiyeyusho chake) ikiwa bado inakauka, sasa ukizungusha taratibu zinapata muda wa kujikusanya, ukikimbiza zinagandia njiani. Halafu toluini inaipenda zaidi PS, kwa hiyo PMMA inakauka mapema, PS inabaki imevimba kisha inanywea, ndo maana PMMA unaiona imechomoza juu. Kuoka filamu chini ya nyuzi 100 za Selsiasi usijisumbue, polima hazisogei. Na unyevu wa hewani nao unatoboa vitundu, angalia hilo pia.