Sahani ya Mwisho Ilingane na ya Kwanza

Katika mwezi wangu wa kwanza wa kujitolea kwenye jiko la jamii nilikabidhiwa upawa, nikasimama nyuma ya sufuria kubwa na kuanza kugawa kwa ukarimu ambao sikuwa nimeupima. Waliotangulia niliwajazia sahani mpaka pomoni, kwa sababu nyuso zao zilikuwa mbele yangu na njaa yao niliiona. Saa moja baadaye alifika mama mmoja na watoto wawili, wa mwisho kabisa kwenye foleni, nami sikuwa na cha kuwapa isipokuwa mchuzi mwembamba uliobaki chini ya sufuria. Alishukuru, akawagawia watoto, yeye mwenyewe hakula. Tangu siku ile kipimo changu cha jiko lolote la kulisha wahitaji ni kimoja: sahani ya mtu wa mwisho ilingane na ya mtu wa kwanza kwa wingi, kwa joto, kwa usalama na kwa heshima anayopewa anapoipokea.

Wingi ndio huharibika mapema, kwa kuwa mkono wa mgawaji hufuata moyo, na moyo haujui idadi ya watu waliosimama nje. Nashauri hesabu ifanywe kabla jiko halijawashwa. Kwa mlo ambao msingi wake ni wali, gramu 75 hadi 80 za mchele mkavu humtosha mtu mzima mmoja, kwa hiyo walaji 100 huhitaji takriban kilo 8, nazo zikiiva hufikia kilo 20 au zaidi kutokana na maji yanayonywewa na mchele. Maharage makavu nayo huongezeka uzito zaidi ya mara mbili. Ukishajua utapata kiasi gani cha chakula kilichoiva, chukua upawa, upime kwa maji ujue unabeba mililita ngapi, kisha hakikisha kila mgawaji anatumia upawa wa ujazo huohuo. Sisi huandaa sahani moja ya mfano na kuiweka mbele ya wagawaji, ili jicho liwe na cha kulinganishia pale mkono unapoanza kuongeza au kupunja.

Mwenzetu mmoja husimama mlangoni na kuhesabu wanaofika. Idadi ikizidi tuliyoipanga, tunapunguza kipimo mapema kwa wote, au tunabandika sufuria ya akiba ya kitu kinachoiva upesi, kama dengu zilizokobolewa, ambazo hazihitaji kulowekwa. Nyongeza hutolewa baada ya mtu wa mwisho kupata chake, na utaratibu huo tunautangaza waziwazi tangu mwanzo ili pasiwepo wa kudhani kwamba amenyimwa.

Mpishi hodari wa nyumbani hupata taabu anapokutana na sufuria ya lita 60, na nimeona wengi wakikata tamaa bila sababu. Viungo vya mlo wa watu 8 havizidishwi tu mpaka vifike vya watu 100. Sufuria ya kina kirefu hupoteza maji machache kwa mvuke, ukilinganisha na ujazo wake, hivyo anayeongeza maji kwa uwiano uleule huishia na mchuzi mwepesi usio na ladha. Chumvi na viungo vikali vitiwe nusu ya kiasi ulichokokotoa, uonje, ndipo uongeze. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na miongoni mwa wanaokuja kula wapo wenye shinikizo la damu ambao hawana mlo mwingine wa kuchagua. Chumvi yetu ndiyo chumvi yao ya siku nzima. Vilevile, zingatia meno. Mzee mmoja alikuwa akirudisha sahani na nyama zote zikiwa ukingoni, nasi tukadhani haipendi, mpaka siku alipomnong'oneza mwenzangu kwamba hana la kutafunia. Tangu hapo nyama hukatwa vipande vidogo na kuchemshwa mpaka ilainike kabisa. Na chakula kikishika chini, usikikoroge: hamishia sehemu ya juu kwenye sufuria nyingine na uuache ukoko mahali pake, kwani ukiuchanganya harufu ya kuungua itaenea hadi kwenye sahani zote.

Sasa niseme kwa kirefu kuhusu usalama, maana hapa hasara hurudi kwa mlaji peke yake. Mtu mwenye lishe duni, mtoto mchanga, mjamzito au mzee akipata sumu ya chakula hudhoofika haraka kuliko sisi tuliompikia. Shirika la Afya Duniani lina kanuni 5 za chakula salama, ambazo ni kudumisha usafi, kutenganisha vibichi na vilivyopikwa, kupika hadi kuiva kabisa, kuhifadhi chakula katika joto salama, na kutumia maji na malighafi salama. Zote ni muhimu, lakini katika jiko la watu wengi ile ya joto ndiyo inayovunjwa mara nyingi bila mtu kujua. Bakteria huzaliana kwa kasi kati ya nyuzijoto 5 na 60 za Selsiasi, na sufuria kubwa iliyoepuliwa hukaa ndani ya kiwango hicho kwa saa nyingi, kwa kuwa katikati yake hupoa polepole hata kama juu pamekwisha kuwa vuguvugu. Humo ndimo anamostawi bakteria aitwaye Clostridium perfringens, ambaye spora zake, yaani vijimbegu vyake vya kujihifadhi, huhimili mchemko na kuamka nyama au mchuzi unapopoa taratibu. Wali una hatari ya namna hiyohiyo kutokana na bakteria mwingine, Bacillus cereus, na sumu ya kutapisha anayoitoa haiondoki kwa kupashwa moto upya. Kwa hiyo usijifariji kwamba utachemsha tena kesho.

Tunachofanya ni kupika karibu na wakati wa kula, kudumisha chakula juu ya nyuzi 60 mpaka sahani ya mwisho, na kupima katikati ya sufuria kwa kipimajoto, si kwa kidole wala kwa kuangalia mvuke. Kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2. Kama lazima kihifadhiwe, kigawe mara moja katika sinia za kina cha sentimita 5 au pungufu, kipoe upesi, kiingie kwenye jokofu, na siku inayofuata kipashwe hadi kila sehemu ifikie nyuzi 70 au zaidi. Kama huna jokofu la uhakika, pika kiasi kitakachoisha. Maharage mekundu yanastahili tahadhari yake: yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini, na moto mdogo wa muda mrefu hauiondoi. Yaloweke kwa saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, kisha uyachemshe kwa nguvu kwa muda usiopungua dakika 10 kabla ya kupunguza moto ili yaendelee kulainika.

Kuna jambo gumu zaidi ya kipimajoto, nalo ni kumrudisha nyumbani mwenzako mwenye kuhara au kutapika, pengine siku ambayo watu ni wachache na foleni ni ndefu. Mrudishe. Asishike chakula mpaka saa 48 zipite tangu dalili zikome. Mwenye kidonda mkononi akifunge vizuri na avae glovu juu yake, au apewe kazi isiyogusa chakula, kwa sababu bakteria wa vidonda huweza kuacha katika chakula sumu isiyouawa na moto. Nilipoanza nilimwonea haya mtu aliyenizidi umri nikamwacha aendelee kukata mboga huku akikimbilia chooni. Hatukupata madhara, lakini sikulala usiku ule, na sikuwahi kurudia.

Kuhusu heshima, wengi hudhani ni suala la maneno matamu. Mimi naiona katika mpangilio wa chumba. Mwezi Aprili 1847, wakati wa njaa kuu ya Ireland, mpishi Mfaransa Alexis Soyer alifungua mjini Dublin jiko lililoweza kulisha maelfu kwa siku. Ulikuwa ufundi wa kusifika na uliokoa matumbo mengi, ila watu waliingizwa kwa makundi ya mia, wakala kwa vijiko vilivyofungwa minyororo, kisha kengele ikalia watoke wengine waingie. Weka kando ya hapo langar, yaani jiko la bure la Masingasinga, katika Hekalu la Dhahabu huko Amritsar, India, ambako makumi ya maelfu hula kila siku: wote huketi sakafuni kwa safu moja, mwenye mali kando ya asiye na kitu, na hakuna anayeulizwa dini yake wala sababu ya kuja. Majiko yote mawili yalishibisha, lakini mnyororo mmoja wa kijiko humweleza mlaji kwamba anadhaniwa mwizi kabla hajafungua kinywa.

Basi tazama jiko lako ujiulize minyororo yako ni ipi. Kwetu ilikuwa dawati la mlangoni ambapo tuliwauliza watu kazi yao na kwa nini hawana chakula, tukiamini kwamba tunaweka kumbukumbu nzuri. Tuliliondoa, tukabaki na kuhesabu vichwa na swali moja tu, kama kuna chakula kinachomdhuru mtu kiafya au asichokula kwa imani yake. Swali hilo ni la lazima: karanga, maziwa, mayai, samaki au ngano vinaweza kumweka mtu hatarini, na mgawaji aweze kumjibu mlaji kilichomo katika sufuria bila kubahatisha. Pia tulianza kula meza moja na wageni wetu. Niliogopa wataona tunawachunguza, kumbe kilichowachukiza siku zote ni kuona waliopika hawali walichokipika.

Wafadhili nao wanahitaji kuambiwa hapana kwa adabu. Kopo lililovimba halipokewi, hata likiletwa katoni nzima, kwa sababu huenda likawa na sumu ya botulini. Chakula kilichopikwa nyumbani mwa mtu ambako hatujui kimekaaje hatukipokei. Chenye tarehe ya mwisho wa matumizi iliyopita hutupwa, ingawa tarehe inayosema ubora wake ni kabla ya siku fulani huhusu ladha na umbo zaidi kuliko usalama, na kwa nafaka au unga uliokauka vizuri huhitaji kuchunguzwa kwanza, sio kutupwa papo hapo. Anayetaka kupiga picha za walaji wakiwa na sahani mkononi anaombwa apige picha za magunia. Tumewahi kumpoteza mfadhili kwa ajili hiyo, na iliuma kwa wiki kadhaa, lakini walaji wawili waliokuwa wamekoma kuja walirudi.

Kama unaanza wiki ijayo, usiombe kupika. Omba kuosha vyombo. Kwenye beseni utaona kilichobakizwa, kwa hiyo utajua chumvi ilizidi, nyama ilikuwa ngumu, au kipimo kilikuwa kikubwa kwa watoto, na utamweleza mpishi mambo ambayo mezani watu huona haya kuyasema. Andika kila siku katika daftari idadi ya waliokula, kilo zilizopikwa, kilichobaki na kilichorudi. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuambia siku zipi za mwezi foleni hurefuka, nawe utapanga mapema.

Kwetu msimamizi wa zamu hali mpaka foleni iishe, na anachokula ni sahani ya mwisho, kwa upawa uleule, kutoka chini ya sufuria ileile. Jana zamu ilikuwa yangu. Wali ulikuwa wa moto, maharage yalitosha, mchuzi ulikuwa umepungua chumvi kidogo, nikaliandika hilo daftarini.