Re: Mnara umeboreshwa, mbona usiku neti bado inazunguka?

Mkuu, umesema mnara wa huko Igoma, hapa Mwanza, umefungwa mitambo mipya ya 4G, vijiti vimejaa, ila ikifika saa mbili usiku video inazunguka tu. Vijiti vinapima nguvu ya mawimbi, siyo nafasi iliyobaki. Mnara kwa kawaida hugawanywa pande tatu, na wote mlio upande mmoja mnagawana kasi ileile. Usiku mtaa mzima umerudi nyumbani.

Kinachosahaulika ni njia ya kutoka mnarani kwenda kwenye mtandao mkuu. Liangalie lile dishi la duara juu ya mnara: kama bado ndilo linalobeba data zote, antena mpya ni sawa na kupanua barabara halafu daraja libaki la gari moja. Faiba ikifika hapo utaona tofauti.

Pima kasi saa kumi alfajiri, kisha saa mbili usiku. Alfajiri ikipaa, ni msongamano. Ikiwa mbovu muda wote, shuku mawe yetu haya ya Mwanza yanayozuia mawimbi: mawimbi ya simu ya 1800 MHz hupenya kwa shida kuliko ya 800. Mimi naishi nyuma ya jabali Mabatini, nikisogea hatua kumi tu simu inafufuka.