Jibu kwa mwalimu wa Lamu: kitengo maalumu kimwandae vipi kijana kwa utu uzima

Asalaam aleikum mwalimu. Umeandika kwamba kitengo chenu cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili kina vijana wa miaka 12 hadi 17, kwamba wengi wao bado wanapaka rangi na kuimba alfabeti, na kwamba wazazi wameanza kukuuliza, "Akitoka hapa atafanya nini?" Ukaomba mwenye mtaala uliokamilika akutumie. Mimi nafundisha kitengo kama hicho hapa Malindi. Mtaala wetu nitakueleza tulivyoupata, lakini kuunakili hakutakufaa, na sababu utaiona.

Mfumo wa serikali ya Kenya upo. Katika mtaala wa umilisi (CBC) ulioanza nchi nzima mwaka 2019, mwanafunzi asiyeweza kufuata masomo ya kawaida ana njia yake ya hatua nne: msingi, kati, maandalizi ya ufundi, kisha ufundi wenyewe. Hapandi hatua kwa mtihani. Uchukue mwongozo huo na uupange kwenye jalada lako. Lakini umeandikiwa Turkana, Kisumu na Lamu kwa pamoja. Haujui kwamba mtoto wako atashuka kwenye boti na kupishana na punda kichochoroni, wala kwamba wangu lazima avuke barabara iliyojaa tuktuk na bodaboda.

Kwa hiyo sisi tulianzia mwisho. Kwa kila kijana tulimwita mama, na pamoja naye yule atakayebaki na kijana mama akishachoka: dada, kaka, shangazi. Huyu wa pili usimwache. Tukawauliza juu ya siku moja ya kawaida kijana akiwa na miaka 25. Anaamka saa ngapi, na nani anamwamsha? Nani anampikia? Mchana yuko wapi? Pesa yake anashika nani? Mama akilazwa hospitali, nani anamfungulia mlango? Majibu yale ndiyo yaliyotupa masomo. Familia moja haikutaka kusoma wala kuandika, ilitaka kijana aweze kukaa nyumbani peke yake kwa muda wa saa mbili bila kuwasha jiko na bila kumfungulia mtu asiyemjua. Hilo likawa somo lake la muhula mzima, na ni somo kubwa kuliko alfabeti.

Pesa nitaisema kwa kirefu kwa sababu kila familia iliitaja. Usianze na hesabu za ubaoni. Sarafu zilizotoka mwishoni mwa 2018 zina wanyama: shilingi moja ina twiga, tano ina kifaru, kumi ina simba, ishirini ina ndovu. Kijana asiyesoma tarakimu anaweza kumjua ndovu. Tuna msichana mwenye hali ya Down (Down syndrome), ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao, aliyefundishwa hivyo, akatumwa duka la jirani na shule kununua chumvi. Mwalimu alisimama nje, upande wa pili wa njia, asionekane. Mwenye duka alipomrudishia chenji, msichana hakuondoka. Alizipanga sarafu juu ya kaunta, akazigusa moja moja kwa kidole, "simba, kifaru", kisha akanyoosha mkono kudai kifaru cha pili. Alikuwa amepunjwa shilingi tano, na alipewa. Zile sarafu za zamani zenye sura za marais bado zimo mikononi mwa watu, nazo zifundishwe pia, kwa kuzishika. Noti zinajulikana kwa rangi. Na mwenye simu ya M-Pesa afundishwe mapema kwamba namba ya siri haitajwi hata kwa mtu anayejiita mfanyakazi wa kampuni.

Somo lifundishwe pale litakapotumika. Watoto wetu hawahamishi ujuzi kwa urahisi. Aliyejifunza kununua kwa sarafu za karatasi darasani atakwama mbele ya muuza samaki anayepiga kelele. Jikoni ni vivyo hivyo, tafuta jiko la kweli, sufuria ya kweli, na mbuzi ya kukunia nazi. Kazi yenye hatua nyingi tunaifundisha kutoka nyuma. Chai, kwa mfano: mwalimu anafanya yote, kijana anamimina kikombeni tu na kumpelekea mgeni. Akiliweza hilo anaongezewa kuchuja, halafu sukari, halafu majani, mpaka afike kwenye maji. Kila siku yeye ndiye anayemaliza, na kila siku kuna mtu anayemwambia ahsante.

Kuhusu kazi, tembea mtaani kabla ya kuchagua ufundi. Hapa Malindi wengi walitaka vijana wafundishwe kufua na kutandika vitanda kwa ajili ya mahoteli. Ni kazi nzuri, ila masika yakija na wageni wakapungua, hao ndio wa kwanza kusimamishwa. Tumebaki nayo, lakini si peke yake. Kwenu Lamu ningeitazama mikeka. Kusuka ukili, ule utepe mrefu unaoungwa kuwa mkeka, ni mwendo mmoja unaorudiwa, na kijana aliyetulia anaweza kuusuka vizuri sana. Kuunga ukili uwe mkeka kunahitaji jicho jingine, basi aunge mtu mwingine, na kijana alipwe kwa ukili wake. Tafuta kazi zinazogawanyika hivyo. Na usimfundishe mtu ufundi ambao huwezi kumtaja kwa jina mnunuzi wake.

Mwili usiuogope. Hedhi, balehe, mlango wa choo kufungwa, nani anaruhusiwa kumgusa na wapi, na namna ya kukataa kwa sauti. Vijana wetu wamezoezwa utii tangu wakiwa wadogo, na mtu mbaya anautumia utii huo. Ukiogopa wazazi, waite akina mama kwanza, mpe mwalimu wa madrasa nafasi ya kusikiliza, kisha fundisha. Somo hili lisisubiri mwaka ujao.

Umetaja pia mama asiyetaka binti yake aonekane sokoni. Usimlazimishe. Mwambie afuatane nanyi mara ya kwanza, awe nyuma, amwone binti akisalimiwa.

La mwisho ni karatasi, nalo lianze leo kwa wale wa miaka 17. Akitimiza 18 anahitaji kitambulisho, na kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, ambacho wengi hawana. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu wala kufungua akaunti kwa jina lake. Kama hana pia kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ifuatilieni pamoja, na huanza na tathmini ya daktari hospitalini. Panga siku, nendeni na wazazi kwa kundi, kijana mwenyewe aweke kidole chake.