Maswali ya Wasomaji: Tindo Iliyokatika, Nondo Isiyogumuka na Mengine ya Moto

Nilikata tindo kutoka kwenye jani la springi ya gari. Niliipasha hadi ikakaribia kuwa nyeupe, nikaitumbukiza kwenye maji baridi. Tupa haikuikwaruza hata kidogo, nikajua nimefaulu. Pigo la tatu la nyundo, ncha ikakatika. Je, springi ilikuwa mbovu?

Huenda springi haina kosa lolote. Tazama mahali ilipokatika. Ukiona punje kubwa zinazometameta kama sukari, ujue moto ulizidi. Chuma kilichopashwa vizuri kikivunjika huonyesha uso wa kijivu, na punje zake ni ndogo mno kuonekana kwa macho.

Kwa maelezo yako yamekutana makosa matatu, na kila moja lingetosha kuiua tindo peke yake. La kwanza ni joto. Jani la springi kwa kawaida lina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6 hivi, na nyuzi 830 hadi 850 za Selsiasi zinalitosha. Ukivuka hapo kwa mbali, punje zinakua na chuma kinadhoofika. La pili ni maji. Chuma hiki huchanganywa na kromi, manganizi au silikoni, hivyo hugumuka hata kikipozwa kwa kasi ya wastani. Kikiingia majini, nje hugumuka kwanza. Ndani nako kukigumuka baadaye hutanuka, na kulipasua gamba ambalo tayari limekuwa kama kioo. La tatu, hukukipasha mara ya pili, kwa moto mdogo, ili kukipunguzia wepesi wa kuvunjika. Tupa ilikuambia kweli kwamba chuma ni kigumu, ila tupa haipimi kama kitahimili nyundo.

Kama kipande kilichobaki kinatosha urefu, kiokoe hivi. Kwanza tafuta nyufa, maana springi iliyotumika sana huzificha. Kipake mafuta ya taa, subiri dakika kumi, kifute kikauke, kisha kipake unga wa chaki. Penye ufa patachora mstari wa unyevu. Chenye ufa kitupe.

Kilicho kizima kipashe hadi sumaku iache kukishika (hiyo ni karibu nyuzi 770), ongeza moto kidogo, kitoe, kiache kipoe hewani hadi kiwe cheusi. Rudia mara tatu. Kazi hiyo hurudisha punje kuwa ndogo, na mafundi wengi huiruka kwa sababu haionyeshi matokeo kwa macho.

Sasa ugumishe. Fanya kazi kivulini, kwani juani chuma kilichopita kiasi huonekana bado hakijaiva. Pasha sentimita 5 za upande wa makali tu. Sumaku ikiacha kushika, endelea hadi wekundu uanze kuelekea rangi ya chungwa, kisha zamisha upande huo kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60. Mafuta vuguvugu hupoza haraka kuliko ya baridi, kwa sababu ya baridi ni mazito na hayazunguki. Lita 5 zinatosha kwa tindo ya nusu kilo, ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko karibu, maana mafuta huweza kushika moto. Oili chafu ya injini usiitumie, moshi wake ni sumu. Ingiza tindo wima, uipandishe na kuishusha. Ukiipeleka kando kwa kando, upande mmoja utapoa kabla ya mwingine na itapinda.

Kichwa kinachopigwa nyundo kibaki laini. Kikigumuka, vipande vyake huruka kwenye macho.

Moto wa pili usiulaze hadi kesho. Fanya ndani ya saa moja. Sugua tindo kwa msasa hadi ing'ae, kisha ipashe polepole kuanzia katikati. Rangi zitatembea kuelekea makali: manjano hafifu kama nyuzi 205, kahawia 255, zambarau 275, buluu 295. Kwa tindo ya kukatia chuma, zambarau inayoanza kugeuka buluu ikifika kwenye makali, izamishe majini isiendelee. Patasi ya mbao isimamishe kwenye manjano iliyokolea. Kama una tanuri lenye kipimo cha joto, libane hapo hapo kwa saa moja au mbili, ni bora kuliko jicho.

Nimejaribu kugumisha nyundo ndogo niliyoitengeneza kwa nondo, kwa maji na kwa mafuta. Tupa bado inaila.

Itaendelea kuila. Nondo nyingi zina kaboni chini ya asilimia 0.3, na ugumu wa aina hii hutokana na kaboni. Unachoweza ni kuiongezea kaboni kwenye ngozi: ifukie ndani ya sanduku la chuma lililojaa mkaa uliopondwa, uliochanganywa na magadi ya soda kama sehemu moja kwa tisa za mkaa, ziba mfuniko kwa udongo, uliweke sanduku kwenye nyuzi 900 hadi 925. Saa nne hutoa tabaka la karibu milimita moja. Kisha ipashe upya na uizamishe majini, halafu moto mdogo wa nyuzi 180 kwa saa moja. Fanya nje: gesi ya mkaa haina harufu na inaua. Kusema kweli, kutafuta chuma chenye kaboni ni rahisi zaidi.

Shaba nyekundu niliipasha na kuitia majini ili iwe ngumu, ikalainika. Kwa nini?

Shaba hugumuka kwa kufuliwa. Moto huilainisha, uipoze kwa maji au hewani, hali ni ile ile. Maji husaidia tu kubandua magamba meusi. Ikianza kuwa ngumu chini ya nyundo, ipashe tena hadi wekundu hafifu kabla haijapasuka.

Keekee yangu imegeuka buluu nilipoinoa kwenye mashine. Imeharibika?

Inategemea imetengenezwa kwa chuma gani. Keekee za chuma cha kasi, chenye tangsteni au molibdeni, hupashwa mara ya pili kwa zaidi ya nyuzi 540, kwa hiyo buluu ya nyuzi 300 haizidhuru. Ila usiitumbukize majini ikiwa ya moto. Hupata nyufa ndogo kwenye makali, hivyo iache ipoe hewani. Ya chuma cha kaboni ikigeuka buluu imelainika hapo. Saga sehemu yote ya buluu kwa kugusa jiwe kidogo kidogo, na hiyo unaruhusiwa kuichovya majini kila baada ya mguso.