Ukienda Ufaransa, Beba Chupa Yako Mbaya Kuliko Zote

Wiki iliyopita kijana mmoja mwenye ekari tatu za zabibu kule Bihawana, zikiwemo za Syrah, aina moja ya zabibu nyekundu, aliniandikia ujumbe mrefu. "Shikamoo dada," alianza, kisha akanieleza kwamba amedunduliza nauli kwa miaka miwili, kwamba viza ameshaipata, kwamba atakuwa Ufaransa kwa siku 14, kwamba angependa kujua kama anaweza kurudi na pingili za mizabibu ndani ya begi, na kwamba anaomba nimpangie safari: aanzie Bordeaux au Champagne, atembelee viwanda gani vya mvinyo, na achague chupa zipi kati ya zile zilizomtoka vizuri ili awaonyeshe Wafaransa kwamba hata sisi wa Dodoma tunaweza. Nilimjibu kwa ufupi siku ile ile. Jibu refu ni hili, na ninaliandika hadharani kwa sababu najua wengi wenu mnaosoma hapa mna ndoto hiyo hiyo, na kwa sababu swali lake la mwisho ndilo nililoondoka nalo mimi mwaka 2019, nikakaribia kurudi mikono mitupu.

Lazima nianze na jambo ambalo kwa miaka kadhaa sikulisema hata kwa wakulima wenzangu wa Hombolo. Machi 2018 nilivuna Syrah nzuri kuliko zote nilizowahi kuvuna. Mchuzi wa zabibu ulichacha bila tatizo lolote, rangi ilikuwa nzito, harufu ilikuwa ya pilipili manga na zambarau mbivu, nami nikauhifadhi katika tangi la lita 2,000 na kuanza kuuza kidogo kidogo. Wiki hii nilichota lita 90 nikajaza chupa 120, wiki nyingine nikachota lita 45, na kila nilipochota nilifunga mfuniko kwa uangalifu nikiamini kwamba mfuniko ukishafungwa, mvinyo uko salama. Kufikia Novemba tangi lilikuwa limebaki na lita 1,200 za mvinyo, na juu yake zilikuwepo lita 800 za hewa yenye joto la Dodoma. Hoteli moja ya Dar es Salaam iliyokuwa imenunua katoni 30 ilizirudisha katoni 26 kwa gharama yangu, pamoja na ujumbe wa sentensi moja kwamba mvinyo wangu ungefaa zaidi kwenye kachumbari.

Sentensi hiyo ninaikumbuka neno kwa neno mpaka leo. Nilionja, na kweli ulikuwa umeshika njia ya siki. Nilibakiza chupa 40, kisha uliosalia nikaumwaga usiku, nyuma ya ghala, ili majirani wasione ardhi ilivyokuwa nyekundu, na asubuhi niliamka mapema nikafukia kwa jembe. Nililaumu hamira, nikalaumu vizibo, nikamlaumu hata kijana aliyekuwa akiosha chupa, ambaye hakuwa na kosa lolote, na nimekwisha kumwomba radhi.

Basi, mwaka uliofuata, baada ya mavuno ya Agosti, nilikwenda Ufaransa. Habari za viza, ndege na kusubiri treni nitaziruka, kwa kuwa hazina la kumfundisha mtu. Nilibeba chupa tano nilizozifunga ndani ya khanga, kwa sababu forodha ya Ulaya humruhusu msafiri mzima kuingia na lita nne tu za mvinyo bila ushuru. Nne zilikuwa zile nilizojivunia. Ya tano ilikuwa ya ile Syrah ya 2018, na nikiulizwa kwa nini niliibeba, nitasema ukweli kwamba sikuwa na nia ya kumwonyesha mtu yeyote. Niliitia tu mwishoni, kama mtu anayebeba cheti cha hospitali ambacho hajakubali kukisoma.

Nilianzia Vouvray, kando ya mto Loire, kwa sababu Chenin Blanc tunayoipanda Dodoma asili yake ni bonde lile. Mwenyeji wangu alinipeleka katika ghala lililochongwa ndani ya mwamba wa chokaa laini wanaouita tuffeau, laini kiasi kwamba ukiukwaruza kwa ukucha unabaki na unga kidoleni. Ndani kuna nyuzi joto 12 hivi mwaka mzima, kiangazi na majira ya baridi, bila mashine yoyote. Katika zabibu hiyo moja wanapata mvinyo mkavu, mvinyo mtamu na mvinyo wa mapovu, kutegemea jua la mwaka huo na siku waliyoamua kuvuna. Kwa ule mtamu hupita shambani mara kadhaa, wakichagua vishada vilivyoiva tu na kuviacha vingine mtini. Nilimpa chupa yangu ya Chenin. Alionja, akatabasamu, akasema unavutia. Nilifurahi sana jioni ile. Nilihitaji siku kadhaa kutambua kwamba hakuwa ameniambia chochote, na kwamba mimi nami sikuwa nimemuuliza chochote.

Kisha nikaenda Beaune, katika Burgundy, nikafanya yote wanayofanya wageni. Nilitazama paa la vigae vya rangi la Hôtel-Dieu, hospitali ya maskini iliyoanzishwa na Nicolas Rolin mwaka 1443, ambayo mashamba yake ya zabibu hadi leo hutoa mvinyo unaouzwa kwa mnada kila Novemba. Nilitembea kando ya ukuta wa Clos de Vougeot, shamba lililoanzishwa na watawa wa Cîteaux, lenye hekta 50 hivi ambazo leo zimegawanywa kwa wamiliki zaidi ya 80, wengine wakiwa na mistari michache tu ya mizabibu, na bado kila mmoja anaandika jina lake kwenye chupa kwa kujiamini. Jambo hilo lilinitia moyo, kwa sababu kwetu mtu mwenye ekari mbili huona aibu kujiita mtengenezaji wa mvinyo. Niliwaonjesha watu wawili chupa zangu nzuri, nikapokea tabasamu mbili. Siku moja nilikwenda hata Arbois, katika Jura, kwenye nyumba ya Louis Pasteur, aliyeonyesha katika miaka ya 1860 kwamba mvinyo haugeuki kuwa siki wenyewe, bali hugeuzwa na vijidudu hai vinavyohitaji hewa ili vifanye kazi yao. Nilipiga picha vyombo vyake vya kioo, nikatoka. Jibu la msiba wangu lilikuwa katika nyumba ile, nami nikalipita kama mtalii.

Sasa nifike Tain-l'Hermitage, ambako ndiko moyo wangu ulikobaki. Juu ya mji huo mdogo, kando ya mto Rhône, kuna kilima kimoja cha mwinuko mkali chenye kanisa dogo kileleni, na mizabibu yote ya kilima hicho haifiki hekta 150. Hapo ndipo Syrah inaheshimiwa kuliko mahali pengine popote nilipopaona. Kila mzabibu umefungwa kwenye kigingi chake, ardhi imezuiliwa kwa kuta za mawe zisizo na saruji, na sehemu nyingi haziingiliki kwa trekta. Mkulima aliyenipokea alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, asiyejua Kiingereza. Aliyetutafsiria ni binti wa Bukavu aliyekuwa akisoma Lyon, ambaye alikuja kwa treni siku ya Jumamosi kwa hisani tu, na Kiswahili chake cha Kivu kilinituliza kuliko mvinyo wowote.

Nilikuwa nimebakiwa na chupa mbili. Niliitoa ile nzuri, mzee akaonja, akatikisa kichwa kwa adabu, akaanza kuzungumzia hali ya hewa. Sijui ni uchovu au ni Kiswahili kile kilichonifanya nijisikie nyumbani, lakini niliinuka, nikafungua begi, nikaitoa Syrah ya 2018 na kumwambia yule binti amweleze kwamba huu umeharibika na kwamba sijui ni kwa nini.

Mzee aliweka chini kalamu yake. Alinusa mara moja, akanusa mara ya pili akiwa amefumba macho, akaonja na kutema, kisha akavuta kiti karibu yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Ufaransa, mtu aliniuliza maswali. "Mama, anauliza tangi ilikuwa imejaa mpaka wapi," alisema binti. Nikaonyesha kwa mkono. Anauliza joto lilikuwa kiasi gani. Anauliza uliifungua mara ngapi kwa mwezi. Anauliza hewa iliyokuwa juu uliifanyia nini. Swali hilo la mwisho sikulielewa hata lilipotafsiriwa, kwa kuwa haikuwahi kunijia akilini kwamba hewa ni kitu cha kufanyiwa jambo. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, nami nilikuwa nimekaa na uchi wangu ndani ya khanga kwa wiki tatu nzima katika nchi ya mafundi.

Nilikuwa nimepanga kulala Tain usiku mmoja, nikakaa siku tisa. Jumanne asubuhi mzee alinishusha ghalani, mahali palipokuwa na mapipa ya mwaloni ya lita 228 yenye mvinyo wa mwaka uliotangulia. Alipiga kizibo kwa nyundo ya mti, akakitoa, akamulika tundu kwa tochi ndogo. Mvinyo ulikuwa umeshuka chini ya tundu kwa kina cha kidole, kwa sababu mti hunywa na unyevu hupotea hata pipa likifungwa namna gani. Akachukua birika lenye mdomo mrefu, akamimina taratibu mvinyo ule ule aliokuwa ameuhifadhi katika madumu ya kioo, mpaka ukafika juu kabisa na kutetemeka mdomoni mwa tundu, akafuta kwa kitambaa safi, akarudisha kizibo. Pipa la kwanza lilichukua kiasi kisichojaza glasi. Kazi hiyo huiita ouillage, na neno lenyewe limetokana na neno lao la kale la kujaza pipa hadi jichoni, yaani hadi kwenye tundu. Alilifanyia kila pipa vivyo hivyo, moja baada ya jingine, bila haraka, na lilipofika la saba alinikabidhi birika.

Siku ya kwanza alikuwa amefungua pia chupa ya mvinyo wake mwenyewe, akamimina nusu, akaiacha nusu iliyobaki bila kizibo kwenye dirisha la jikoni, karibu na ile yangu. Kila asubuhi alininusisha. Siku ya tatu ulikuwa umepoa na kupoteza matunda yake. Siku ya saba harufu ilikuwa imeanza kuelekea kule kule kwangu. Mvinyo wa kilima cha Hermitage, wenye bei ambayo kwetu ni mshahara wa mtu, ulikuwa unakwenda kwenye siki kwa sababu ile ile ya lita zangu 1,200 za Hombolo: hewa. Nililia, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nimeamini kwamba tatizo lilikuwa ardhi yangu, zabibu zangu, au mimi.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Bihawana, na wengine wote mnaopanga safari: bebeni chupa mbaya. Chupa nzuri itakupatia tabasamu na picha, lakini chupa mbaya itakupatia mwalimu. Usiende kuwathibitishia watu kwamba Dodoma tunaweza. Nenda ukiwa na ugonjwa wa mvinyo wako mkononi, useme ulivyoanza, useme na aibu yake, kisha ukae kimya usikilize. Mgonjwa anayekwenda kwa tabibu kujisifia afya hurudi na maradhi yake, na wenzetu wengi hurudi hivyo, wakiwa na kofia, vizibo vya kumbukumbu na simulizi za majumba. Ninayasema haya kwa ukali kwa sababu nimewaona, na kwa sababu nilikuwa mmoja wao kwa wiki tatu.

Kuhusu mahali pa kwenda, siku 14 ni chache, hivyo chagua sehemu moja. Ulisema una Syrah: nenda Tain, ubaki Tain. Mimi nilimalizia Bordeaux kwa siku nne, na ingawa Saint-Émilion ni mji mzuri ulio juu ya mwamba wa chokaa, na ingawa ule mpangilio wa daraja za mvinyo wa Bordeaux wa mwaka 1855 bado una uzito katika bei hadi leo, sikuona cha kumsaidia mtu mwenye ekari tatu. Usiende Agosti, kwa kuwa wengi huwa likizoni. Usiende katikati ya mavuno pia, maana hakuna atakayekuwa na nafasi ya kukusikiliza. Na kaa sehemu hiyo moja. Narudia, sehemu moja.

Tangu 2020 ghala langu halina chombo kilichojaa nusu. Nina tangi la lita 500, mawili ya lita 200, na madumu ya kioo ya lita 20 na ya lita tano. Ninapouza, mvinyo unaobaki huhamia kwenye chombo kidogo zaidi siku ile ile, unapewa kipimo chake cha salfa ya kuzuia vijidudu, na unajazwa hadi jichoni. Kila Jumanne ninapita na tochi. Mwezi uliopita hoteli ile ile ya Dar es Salaam iliniandikia ikiomba katoni 50 za Syrah. Niliwajibu kwa adabu kwamba mzigo wote umekwisha kununuliwa, na ilikuwa kweli.

Jambo moja la mwisho, kwa sababu uliuliza kama unaweza kurudi na pingili za mizabibu ndani ya begi. Usithubutu. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo wa mizizi anayeitwa filoksera aliingia Ufaransa pamoja na mizabibu kutoka Marekani, akaangamiza sehemu kubwa ya mashamba yao, na hadi leo karibu kila mzabibu utakaouona kule umebebeshwa juu ya shina lenye asili ya Marekani linalomstahimili. Kama unataka miche, pitia taratibu za ukaguzi wa mimea hapa nyumbani, hata zikichukua miezi.

Zile chupa 40 za 2018 zimebaki tisa. Kabla hujaondoka, pitia Hombolo siku yoyote isiyokuwa Jumanne, nitakufungulia moja uinuse vizuri, halafu unionyeshe na ya kwako.