Kabla hujasaini mkataba wa kuruka mbali na nyumbani

Wiki iliyopita kijana mmoja, rubani msaidizi, ameniandikia ujumbe mrefu. "Shikamoo Kapteni," alianza, halafu akamwaga yote. Kampuni aliyopo inachelewesha mishahara. Amepata ofa kwingine, ndege kubwa zaidi, mshahara mnono, ila kituo cha kazi, mji ambako zamu zinaanzia, kiko mbali: kutoka nyumbani kwake ni kuunganisha ndege mbili. Mkewe ni mjamzito, mtoto wa pili huyo. Anauliza aende au abaki, na akienda, ahamishe familia au awe anarudi nyumbani siku za mapumziko.

Nilimjibu kwa mistari michache. Kisha nikaona nimebakiza mengi, na si yeye wa kwanza kuniuliza. Wengi mnaonisoma mnaitaka hiyo mistari minne begani, alama ya kapteni, kama nilivyoitaka mimi, kwa hiyo nitasema wazi.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimelala mji mmoja na kufanyia kazi mji mwingine. Walio nje ya fani hudhani rubani kusafiri ni bure na rahisi, si anapanda ndege tu? Wasichojua ni kwamba safari ya kwenda kituoni haiingii kwenye rosta, yaani ratiba ya zamu. Ukipangiwa kuripoti saa 11 alfajiri, lazima uwe umefika tangu jana yake. Ukimaliza zamu saa 5 usiku, ndege ya mwisho ya kwenu imeshaondoka. Zamu ya siku nne inakula sita, na hizo mbili za pembeni halipi mtu.

Mama watoto aligundua hili kabla yangu. Mwanzoni mwa mwezi nilikuwa namtumia rosta, naye anaiandika kwenye kalenda ya ukutani. Mwezi mmoja nimerudi nikakuta amezungushia tarehe chache kwa kalamu nyekundu. Nikamwambia, "Mbona mapumziko yangu ni mengi kuliko haya?" Akajibu, "Nimezungushia siku ulizoamkia hapa na kulala hapa." Siku niliyoingia saa 4 usiku watoto wamelala, hakuizungushia. Siku niliyoondoka alasiri, lakini tangu asubuhi nachungulia simu kuona kama ndege ina nafasi, nayo hakuizungushia. Sikuwa na la kujibu. Tangu hapo kila mtu anayeniuliza kuhusu mkataba wa mbali namwambia kwanza achukue rosta ya mfano, aikabidhi kwa mwenzi wake pamoja na kalamu, kisha akae kimya.

Na tiketi zenyewe! Tiketi ya mfanyakazi ni ya kusubiri nafasi. Unakaa langoni, jina liko kwenye orodha, unamtazama yule dada wa kaunta kama ndiye ameshika roho yako. Abiria wa mwisho anatokea anakimbia na begi lake, nafasi imekwenda. Kuna siku viti vilikuwepo, vitupu kabisa, na bado nikaachwa. Jua lilikuwa kali, na joto likipanda hewa inakuwa nyepesi, injini na mabawa vinatoa nguvu kidogo, ndege haiwezi kuruka na uzito wote. Wa kwanza kushushwa ni sisi wa tiketi za wafanyakazi. Mimi rubani naielewa hesabu hiyo, ningekuwa kwenye kiti cha kushoto, cha kapteni, ningefanya vilevile. Binti yangu alikuwa anacheza igizo shuleni jioni ile. Fizikia haikumsaidia kunielewa.

Kwa hiyo usipange ndege moja ya kukurudisha nyumbani. Panga mbili, na ya tatu uwe unaijua kichwani. Na ukienda kazini, usipande ile ya mwisho inayowezekana.

Kituoni tulikuwa na geto, chumba tulichochangia kodi marubani kadhaa, vitanda vya juu na chini, kila kitanda na pazia lake. Viatu vinavuliwa mlangoni, simu inawekwa mtetemo chini ya mto. Mtu anaingia saa 8 usiku ananyata, mwingine saa 9 anaamka kuoga. Unalala, ndiyo, lakini ni usingizi wa kituo cha mabasi. Kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi ndipo mwili wa binadamu unapokuwa chini kabisa, na kanuni za saa za kazi za Marekani na Ulaya zote zinautaja muda huo kuwa wa hatari. Mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya inashauri pia kwamba kama safari yako ya kutoka nyumbani hadi kituoni kwa kawaida inazidi dakika 90, ufikirie kupata malazi ya muda karibu na kituo. Wengine wetu safari ilichukua saa nane.

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, ikaua watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake chini. Wachunguzi walisema chanzo ni kapteni kujibu vibaya onyo kwamba mabawa yanakaribia kupoteza nguvu ya kuibeba ndege. Lakini walieleza pia marubani wale walivyofika kazini. Kituo chao kilikuwa Newark. Kapteni alikuwa anaishi Florida, na usiku uliotangulia alilala kwenye chumba cha mapumziko cha marubani. Msaidizi wake alisafiri usiku kucha kutoka Seattle, upande wa pili wa nchi. Ripoti ilisema huenda wote wawili walikuwa wamechoka, ila haikuweza kupima uchovu ulichangia kiasi gani. Baada ya ajali ile Marekani iliandika upya kanuni za mapumziko ya marubani, zikaanza kutumika Januari 2014: saa 10 za kupumzika kabla ya zamu, ndani yake nafasi ya kulala saa 8 mfululizo. Lakini hakuna kanuni inayokufuata hadi kwenye kiti cha ndege uliyopanda kama abiria. Hilo umeachiwa wewe. Umechoka, piga simu useme umechoka. Kampuni ikikununia kwa hilo, umeshaijua ni kampuni ya namna gani.

Turudi kwenye swali la kuhama, maana hapo ndipo nilipoumizwa na ndipo nilipojivunia.

Nilipopata kazi ya mbali, ndugu walisema mengi. "Mwanaume gani anaacha mke na watoto kila wiki?" Mwingine aliniita baba wa kwenye simu, mbele ya watu, wakacheka. Wenzangu kazini walihama na familia zao, wakatafuta shule, wakapanga nyumba karibu na uwanja. Sisi tulikaa, tukaamua mke wangu asiache kazi yake. Alikuwa na kazi aliyoipigania, na mimi nilikuwa karibu na mkia wa orodha ya ukongwe.

Kwa asiyejua: kwenye kampuni nyingi, kila kitu kinafuata tarehe uliyoajiriwa. Kituo, aina ya ndege, likizo ya sikukuu, kupanda kuwa kapteni, vyote vinaanzia juu ya orodha kuja chini. Kupunguzwa kazi kunaanzia chini kwenda juu. Na namba yako kwenye orodha hiyo haihamishiki ukienda kampuni nyingine. Ni foleni: ukitoka kwenda dirisha jingine, unaanzia nyuma, hata kama una saa elfu kumi za kuruka.

Kituo chetu kilifungwa kwa barua pepe. Niliisoma nikiwa langoni, nasubiri nafasi ya kwenda kazini, sare iko ndani ya begi. Hakuna aliyenipigia simu, si siku ile wala baadaye. Niliwahi kurusha ndege zao usiku wa sikukuu wakati wenye namba za juu wako na watoto wao, halafu aya tatu na "tunakutakia heri". Bado nikiikumbuka shingo inakaza. Wenzangu waliohama walikwama katikati ya muhula, watoto madarasani, mkataba wa nyumba haujaisha, wake zao walishaacha kazi. Mimi nilirudi nyumbani ambako mshahara mmoja ulikuwa bado unaingia. Wale waliocheka, wawili wao walikuja kunikopa mwaka ule. Niliwapa.

Nilipata kazi nyingine, nikaanza tena upande wa kulia, namsaidia kapteni ambaye nilimzidi umri na saa. Nilikunja uso ndani kwa ndani nikajifunza vitabu vyake. Kisha ikaja 2020. Aprili ya mwaka ule safari za abiria duniani zilishuka kwa zaidi ya asilimia 90 ukilinganisha na Aprili iliyotangulia. Ndege ziliegeshwa zikafungwa injini kwa vifuniko. Na rubani asiyeruka anaoza kikazi: kanuni ya kawaida inakutaka uwe umepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90, na kila miezi sita hivi unapimwa kwenye simuleta, mashine ya kuigiza urushaji wa ndege. Ukiwa na mwajiri, analipa yeye. Ukiwa huna, unalipa wewe au unaiacha leseni ilale. Mwaka ule tuliishi kwa mshahara wa mama watoto, na ndio ulionilipia simuleta. Leo mistari minne begani ni yangu, lakini mmoja kati yake ni wake, na huwa namwambia.

Kwa hiyo msimamo wangu hauna chenga: usihamishe familia kufuata kituo mpaka namba yako ikupe kinga. Angalia waliopunguzwa mara ya mwisho waliishia wapi kwenye orodha, ujiulize wewe uko wapi. Wapo watakaokwambia familia lazima ikae pamoja kwa gharama yoyote. Waulize gharama hiyo huwa analipa nani.

Lakini nisijifanye malaika. Kukaa mbali kuna sumu yake, na tamu yake ni mbaya zaidi. Zipo siku nilifurahi kuondoka. Mtoto ana homa, bomba limepasuka, mmegombana tangu jana, nawe unavaa sare, unafunga mlango, na ukifika juu ya mawingu kila kitu kina orodha ya ukaguzi na kila mtu anakuita kapteni. Nyumbani hakuna anayekuita kapteni. Rubani anayekwambia hajawahi kuipenda nafuu hiyo anakudanganya. Ukianza kuitamani kila wiki, tatizo si rosta tena.

Mwanangu wa mwisho alikuwa na tabia moja. Nikiingia, alikuwa haji kwangu. Anakwenda kuliangalia begi. Likiwa limesimama mlangoni na zipu imefungwa, anaendelea kucheza na vitu vyake, kwa mbali. Nikilifungua nikatoa nguo za kufua, ndipo anasogea. Sasa begi langu linafunguliwa ndani ya dakika kumi, hata kama kesho naondoka. Ndugu zangu, watoto wanatusoma. Fedha hazisemi nao. Zawadi za uwanja wa ndege hazisemi nao. Kaa chini sakafuni, weka simu chumba kingine. Na mwenzako usimletee ratiba kama tangazo. Kaeni, pangeni, yeye naye ana zamu yake ya kuchoka. Na msijenge maisha ya mshahara wa kapteni mkiwa bado mna mshahara wa msaidizi, kwa sababu upepo wa kazi hii ulivuma 2001, ukavuma 2008, ukavuma 2020, na kila mara uliwakuta watu wana mikopo ya magari.

Sasa, kijana wangu, kabla ya kusaini uliza haya. Je, kampuni inakununulia tiketi yenye nafasi ya uhakika, au unasubiri langoni kama sisi? Ukiikosa zamu kwa sababu ndege ya kukuleta imejaa, wanakuchukuliaje? Zamu za akiba, zile za kukaa tayari kuitwa, zikoje? Hili ndilo linalowaua wengi: ukiwa mgeni utawekwa akiba, na akiba ya kuitwa ndani ya saa mbili huwezi kuisubiria nyumbani kwako, ng'o. Utaisubiria kitandani kwenye geto, pengine bila kuitwa hata mara moja, na watoto wako mbali. Zamu zinaanza mchana na kuisha asubuhi, ili siku za pembeni zisipotee, au ni kinyume? Na mafunzo ya ndege mpya: ukiondoka mapema unadaiwa? Wakikuondoa wao, unadaiwa? Soma kifungu hicho mara mbili, kwa sababu kuna mikataba inayokudai hata pale kampuni yenyewe ilipofunga kituo.

Uliza pia kuhusu bima ya kupoteza leseni. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kinapimwa upya kila mwaka, na ukisogea umri sehemu nyingine ni kila miezi sita. Daktari mmoja na karatasi moja ya kipimo cha moyo vinatosha kukushusha chini kabisa kabla hata kampuni haijakuandikia. Bima hiyo ikate mapema, ungali mzima na mafaili yako meupe. Mkeo yuko karibu kujifungua, ajue fomu iko droo gani.