Samaki uliyemwachia ataishi? Maswali yenu kuhusu samoni, sangara na ziwa letu

Toleo lililopita niligusia sheria moja ya Jimbo la Washington kule Marekani. Mtu anayevua samoni baharini kwa ndoano, kwa burudani yake, akinasa samoni wa asili aliyezaliwa mtoni bila mkono wa mtu, mara nyingi hulazimika kumrudisha majini. Wa kupeleka nyumbani ni yule aliyetotoleshwa kituoni, ambaye akiwa mdogo hukatwa kipezi cha mgongoni kilicho karibu na mkia ili atambulike. Nilidhani ni habari ya kupita tu, kumbe Kigoma, huku kwetu Ziwa Tanganyika, imejaa wenye maneno. Nimechagua maswali machache. Mengine yalifanana, na mawili yalikuwa matusi.

Shikamoo mzee. Mtu ananunua leseni, anajaza mafuta kwenye boti, anapoteza siku nzima, halafu samaki anamwachia. Huyo ni mzima kweli? (Mchuuzi wa dagaa, Kibirizi)

Marahaba mama. Ni mzima, ila njaa iliyompeleka majini si ya tumbo. Anataka ule mvutano wa mshipi, anataka upepo, anataka picha. Chakula kipo dukani.

Sheria yenyewe ina sababu nzito. Samoni mkubwa kuliko wote, anayeitwa chinook, amepungua sana katika ghuba ya Puget Sound. Mito imezibwa kwa mabwawa, misitu ya kando imefyekwa, na uvuvi nao umechukua chake. Mwaka 1999 serikali yao ikamwingiza kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2005 wakaingizwa pia nyangumi aina ya orka wa maji yale yale, ambao tegemeo lao kubwa la chakula ni huyo huyo chinook.

Wangeweza kufunga uvuvi wa burudani moja kwa moja. Hawakutaka, maana nyuma ya kila mvuvi kuna mwenye boti, mwenye hoteli, muuza ndoano na ada ya leseni. Wakatafuta njia ya kati: vueni, chukueni wa vituoni, wa asili warudisheni. Kwa hiyo mama, hiyo sheria ilikuwa mapatano ya biashara kabla hujaiita huruma. Siilaumu kwa hilo. Ila wakija kutuhubiria kwamba wao wanampenda samaki kuliko sisi, tukumbuke ilikotoka.

Akiachiwa anaishi, au watu wanajifariji? (Kijana wa Gungu)

Wengi huishi, si wote. Wasimamizi wa uvuvi kule wenyewe hawajidanganyi: wanapopiga hesabu ya samaki wanaoweza kuvuliwa msimu mzima, wanatoa kabisa fungu la wale watakaokufa baada ya kuachiwa.

Jambo la kwanza ni ndoano imeshika wapi. Ikishika ukingo wa mdomo, samaki ana nafuu. Ikiingia kwenye matamvua, damu humwagika na safari imeishia hapo, hata kama ataondoka akipiga mkia. Ndiyo maana kule wanatakiwa kutumia ndoano isiyo na kile kijino cha nyuma kinachoizuia isichomoke.

La pili hulioni kwa macho. Samoni akiwa bado baharini magamba yake hubanduka kirahisi, hasa akiwa mdogo. Mkamate kwa mkono mkavu au mgaragaze kwenye sakafu ya boti, utaona magamba yamekuganda kiganjani kama vipande vya karatasi ya fedha. Ngozi iliyobaki wazi haina kinga. Maji ya bahari yana chumvi kuliko mwili wake, kwa hiyo chumvi huvuta maji yatoke mwilini, na samaki anakaukiwa akiwa ndani ya bahari. Anakufa baadaye, mbali, bila yule aliyemwachia kujua lolote. Sheria ya Puget Sound imefika hadi hapo: samoni anayepaswa kurudishwa haruhusiwi hata kuingizwa botini. Unachomoa ndoano akiwa majini, ubavuni mwa boti. Ukitaka picha ya kumkumbatia, shauri yako na askari.

Basi na sisi tukubaliane: sangara mdogo akiingia kwenye ndoano arudishwe ziwani. Kuna ubaya gani? (Mvuvi, Kalya)

Nia yako ni njema, ndugu yangu, lakini umemchukulia sangara kama samoni, na maumbile yao hayalingani.

Wote wawili wana kibofu cha hewa tumboni kinachowasaidia kuelea. Cha samoni kina njia inayofunguka kwenye koo. Akivutwa juu kutoka kina kirefu, hewa inapovimba yeye huicheua, ukichungulia utaona mapovu yakimtoka. Kibofu cha sangara mkubwa kwa mdogo hakina mlango huo, na vivyo hivyo kuhe na jamii yote ya sato. Hewa yake hutoka polepole kupitia damu, na wewe unamvuta kwa dakika chache.

Sasa fikiria. Katika kina cha mita 30 mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu. Hewa iliyojaza glasi moja kule chini hutaka glasi nne ikifika usoni pa maji, na ziwa letu lina kina cha mita 1,470 mahali palipozama kuliko pote. Wewe mwenyewe umemwona: tumbo limejaa kama mpira, macho yametoka nje, na mfuko wa chakula umesukumwa mpaka mdomoni. Mrudishe majini, ataelea ubavu hadi mwewe amshukie. Hapo umemnyima mwanao mboga na ziwa hujalipatia chochote.

Kwa hiyo sangara wa kina kirefu tusimwokoe baada ya kumnasa, tusimnase. Maana yake ni macho ya nyavu yawe mapana, makokoro yaachwe kweli na si kwa mdomo, na mazalio yasiguswe. Hifadhi ya Mahale inamiliki ukanda wa maji wa takriban kilomita 1.6 kutoka ufukweni ambako kuvua ni marufuku. Wavuvi wa huko huulalamikia, na wana haki ya kulalamika, lakini samaki aliyemo hakuchomwa ndoano wala hakuchubuliwa na mkono wa mtu.

Kuhe nimtaje peke yake, kwa sababu wengi humvua kwenye maji mafupi ambako hewa si tatizo sana. Yeye hulinda wanawe, baba na mama pamoja, na samaki wengine wanazunguka wakisubiri nafasi. Ukimwona ameganda sehemu moja chini, na juu yake kuna wingu la vifaranga, mpite. Ukimvua hata kwa dakika kumi kisha ukamrudisha, atakuta wingu limeliwa.

Assalaam alaykum. Kumchoma kiumbe ndoano kwa mchezo, bila nia ya kula, si dhulma? (Ustadhi, Ujiji)

Waalaykum salaam. Mimi si shehe, na hadithi inayokataza kumfanya kiumbe mwenye roho kuwa shabaha ya mchezo unaijua kuliko mimi. Nitasema ya upande wangu.

Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza, akiwemo Lynne Sneddon, walionyesha kwamba samaki trauti, ambaye ni ndugu wa samoni, ana mishipa ya fahamu kichwani na mdomoni inayoitikia majeraha. Wapo wanaopinga, kama James Rose wa Marekani, wakisema ubongo wa samaki hauna sehemu inayomfanya mtu ayahisi maumivu kama maumivu. Mjadala haujaisha. Lakini Uswisi hawakusubiri uishe: kwao kwenda kuvua kwa nia ya kumwachia kila samaki ni kosa. Ujerumani nako sheria inadai uwe na sababu ya maana kabla hujamuumiza mnyama, na kujifurahisha peke yake hakukubaliki kirahisi. Umeona mambo hayo? Tendo lile lile, Seattle ni wajibu, Zurich unaitwa mahakamani.

Na si wazungu peke yao wenye rai. Wazee wa Wayupik wa Alaska, ambao samoni ndiye ugali wao, huona kumnasa na kumwachia ni kuchezea chakula. Samaki amejitoa kwako, wewe unamkataa, na kesho hatakuja. Mimi niko karibu na wazee hao na wewe Ustadhi kuliko na yule wa picha. Anayevua ale, akakuta aliyemnasa haruhusiwi akamwachia, sina neno naye. Anayetoka nyumbani akijua atawachoma thelathini na kuwaachia wote, hiyo leseni haimtakasi.

Migebuka wadogo wanaingia na dagaa usiku, wanafika juu wamekufa. Tuwatupe? (Mwenye kipe, yaani chombo cha kuvulia dagaa usiku kwa taa, Katonga)

Usitupe. Mgebuka aliyekufa hafufuki kwa kurudishwa. Norway ilianza kupiga marufuku kutupa samaki baharini mwaka 1987, na Umoja wa Ulaya ukafuata hatua kwa hatua kati ya 2015 na 2019, kwa sababu nyavu zilikuwa zinaua na daftari halionyeshi. Walete mwaloni, wahesabiwe. Wakizidi siku baada ya siku, tatizo lipo kwenye macho ya wavu wako au mahali unapotega, na hilo ndilo la kuzungumza na BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo.

Kufunga ziwa miezi mitatu si ndiyo "kuwaachia samaki" kwetu? Mbona wanaoumia ni sisi? (Mama lishe, Ujiji)

Swali lako ndilo lililonikalia. Mwaka 2024 ziwa upande wetu lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kutokana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Kwa samaki, kufunga ni bora kuliko kuachia. Hachomwi, hachubuliwi, anazaa akiwa mzima. Na si jambo geni kwetu: mbalamwezi ikiwaka, karabai na taa za sola hazivuti dagaa, vipe vinapumzika, na hakuna aliyewahi kuuandamania mwezi.

Tofauti ni kwamba mwezi unafunga kwa siku chache, na unamfungia kila mtu. Mvuvi wa samoni akinyimwa msimu amekosa starehe yake, mchana atakula nyama. Mwanaume wa Kibirizi akinyimwa msimu, anayekosa ni wewe wa jikoni, mwanika dagaa, mbeba ndoo na mtoto anayedaiwa mchango shuleni. Ninaunga mkono kufungwa. Ninachokataa ni kufungwa ambako mzigo wake hauonekani kwenye mpango: kibarua wa kipe hana akiba, hana mkopo, hana shamba, na mara nyingi hana hata jina kwenye orodha ya wenye vyombo. Anayepanga tarehe apange na hilo, kabla ya Mei, asisubiri Juni watu wameanza kutoka usiku kwa kuibia.

Mjukuu wangu anavua kwa ndoano pale ufukweni. Akipata vidogo afanyeje? (Bibi, Mwanga)

Shikamoo bibi. Hapo ufukweni maji ni mafupi, kwa hiyo kuachia kunafaa. Abane kile kijino cha ndoano kwa koleo. Alowanishe mikono kwanza, asimlaze samaki kwenye mchanga. Ndoano ikiwa imemezwa asiichokonoe, aukate uzi karibu na mdomo. Na akitaka kujua kama samaki bado ana nguvu, amshike taratibu majini mpaka aondoke mwenyewe. Asimrushe kama jiwe. Asiyeondoka, akuletee wewe bibi ukaange.